Mama wa Kisukuma alivyonirudishia imani kwenye mashine ya kusaga, Kaengesa

Wakuu, habari za mchana. Hii imenitokea mimi mwenyewe, siongezi chumvi.

Ni miaka ya tisini mwanzoni. Ruksa ya biashara huria imeshaingia, mitumba imejaa Sumbawanga mjini, watu binafsi wanafungua mashine za kusaga kila kona.

Mimi nimetoka kupata ziro Form Four. Ukoo mzima wa Wakatoliki walikuwa wananisubiri niwe mtu. Nikaacha kanisa kabisa. Kusali nilishindwa, niliona Mungu kaniruka.

Nikapata kibarua kwenye mashine moja pale Kaengesa. Mahindi, ulezi, vumbi la unga mpaka kwenye kope.

Kuna mteja alikuwa anaitwa Mama Kabula. Msukuma, familia yao ilihamia na ng'ombe, wakaanza na kulima. Jumuiya yao ya kanisani ilikuwa imemchagua mwenyekiti, lakini kusoma hajui. Siku moja alishika kitabu cha sala juu chini, wenzake wakacheka.

Akanifuata. Anataka nimfundishe.

Nikamwambia, "Mama, mimi nimefeli. Sina cha kumfundisha mtu."

Akasema, "Umefeli mtihani wao, mwanangu. Mimi sina mtihani. Nataka kusoma."



Tukaanza. Akisubiri zamu yake namwandikia a, e, i kwa kidole kwenye unga uliotanda juu ya benchi. Akikosea anafuta kwa kiganja, anarudia. (Mwenye mashine alinuna wiki ya kwanza, ya pili akawa anachungulia, ya tatu anasahihisha!)

Wakaongezeka kina mama wengine wawili. Nikajikuta naamka asubuhi nina hamu ya kwenda kazini. Mimi, yule wa ziro!

Baada ya miezi kadhaa akaja mbio, hata debe hakubeba. Katekista amempangia asome somo kwenye misa ya Jumapili. Akaniomba niwepo.

Nilikwenda. Nikakaa benchi la mwisho, karibu na mlango, ili mambo yakiharibika nitoke.

Akapanda mimbarini. Akaanza vizuri, kisha akakwama kwenye neno moja: wanyenyekevu.

Wale waliocheka wapo mbele. Mimi jasho linanitoka kama ndimi niliyesimama pale.

Akaweka kidole kwenye karatasi. "Wa... nye... nye... ke... vu." Akavuta pumzi, akalirudia lote kwa sauti, akaendelea mpaka mwisho.

Vigelegele vilivyopigwa siku ile! Padri mwenyewe alishindwa kuendelea.

Nililia, wakuu. Na katikati ya kulia nikashtuka kwamba nasali. Zaidi ya mwaka sijafanya hivyo.

Nikarudia mtihani, safari hii nikapita. Nikaenda chuo cha ualimu, nikapangiwa shule ya Msanzi. Nimefundisha darasa la kwanza hadi wiki iliyopita nilipostaafu kwa hiari. Ndiyo maana naandika leo, furaha imenijaa nimeshindwa kukaa nayo peke yangu.

Nilichojifunza: nilikuwa nangoja Mungu aniletee cheti ndipo nimwamini. Yeye akaniletea mtu mwenye shida ndogo ambayo mimi niliiweza. Kama umekwama leo, angalia nani kakuomba kitu juzi ukamwambia huwezi.

Haya, na wewe nani alikuinua bila kutegemea? Weka chini hapo, nasoma moja moja.