Aliyesema "Ongeza" Mnadani

Usinitazame hivyo. Sijalewa, na homa sina. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Dodoma, na cherehani yenyewe ipo chumbani kwangu. Ukitaka, njoo uione.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Mitumba ilimwagika sokoni, kiwanda chetu cha kushona sare za shule kikafungwa. Tukapewa kiinua mgongo kiduchu, tukaambiwa vifaa vyote vitapigwa mnada pale uani. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: cherehani ya miguu niliyokuwa nikishonea tangu afariki Mama Sesilia, mwenyeji wa Bahi aliyenifundisha kazi na kuniachia kiti chake. Nikiikosa ile, wanangu wangekula nini? Shamba sina, ng'ombe sina.

Mnada mnaujua. Wajanja hawafungui kinywa mapema. Wanajikuna, wanapiga miayo kama hawana habari, mpaka dalali aseme "mara ya pili!" ndipo wanaruka. Nami nikafanya hivyo hivyo. "Mara ya kwanza! Mara ya pili!" Nikataja bei yangu. Dalali akainua nyundo.

"Ongeza!" ikasema sauti ya mama nyuma yetu.

"Mama wa nyuma kaongeza!" dalali akapaaza sauti, bei ikapanda.

Nikapanda nayo. Nyundo juu. "Ongeza!" Kila mara hivyo hivyo, nyundo ikiwa hewani. Nikawaka! Nani asiyejua kwamba madalali hupandikiza watu wao kwenye umati ili bei ipae?

"Wewe, yule ni mtu wako," nikamwambia dalali usoni. "Mwambie ataje bei kwa mdomo wake!"

Akaapa kwamba hamjui. Nimwamini dalali, mimi? Na fedha yangu ilikuwa imebaki ya kupandia mara moja tu.

Basi nikageuka nimuumbue huyo mama. Alikuwa ameegemea mlango wa stoo, futikamba shingoni, mguu mmoja ameukunja ukutani, vile vile alivyozoea kupumzika. Mama Sesilia. Niliyemwosha kwa mikono yangu siku ya msiba wake!

"Shikamoo, mama," nikasema, maana ningesema nini? Alinitazama tu kwa lile jicho lake la sokoni, na hapo nikaelewa. Jamani, hakuwa akipandisha bei! Maisha yake yote yule mama hakuachana na mtu bila nyongeza. Akipimiwa uwele, "Ongeza." Akipimiwa karanga, "Ongeza," na haondoki mpaka kiganja cha ziada kiingie kapuni. Leo nachukua cherehani yake, na nyongeza sijampa.

Kwenye pindo la kanga nilikuwa na karanga za maganda. Nikamwaga kiganja kizima juu ya cherehani. "Nyongeza yako, mama." Watu wakacheka, wakadhani kuachishwa kazi kumenivuruga akili. Nikataja bei yangu ya mwisho, nyundo ikashuka. Kutazama mlangoni, hakuna mtu. Kutazama cherehani, maganda matupu, na hakuna aliyeikaribia. Niamini.

Imenilishia watoto mpaka wakaoa. Sasa macho yangu yamechoka, na mwaka juzi nikapata mnunuzi, binti fundi wa huko Chimwaga. Tukaelewana, akanyoosha mkono kunipa fedha.

"Ongeza," ikasema sauti kutoka ndani.

Yule binti akarudisha fedha pochini. "Kumbe umeficha mtu wako chumbani, bibi?"

Niliapa. Hakuniamini, kama mimi nilivyokataa kumwamini yule dalali. Wamekuja wengine wawili baada yake, wameondoka vile vile. Karanga namwaga, siku hizi hazigusi. Nimemwekea uwele, nimemwekea kanga mpya, bado anasema "Ongeza." Naogopa kwamba nyongeza anayoitaka safari hii ni mimi.

Kwa hiyo wewe unayependa minada, kabla hujauliza bei, uliza kitu hicho kilikuwa cha nani. Na ukisikia "Ongeza" nyundo ikiwa hewani, usikimbilie kutaja bei nyingine. Geuka kwanza umwone anayesema.