Herufi Tatu za Dobi

Mjomba wangu ni dobi. Kwa miaka ishirini alijua kusoma neno moja tu, "pasi," kwa sababu lilikuwa kwenye bango la kibanda chake, na alidhani linamtosha.

Siku moja mwalimu mstaafu, mama mmoja asiye na masihara, alimletea gauni la hariri akiwa amelibania kikaratasi: "Usipige pasi." Mjomba akaliona neno lake, akafurahi kama aliyekutana na jamaa yake, akachukua pasi ya moto. Gauni likaungua kifuani.

Mkewe alipokisoma kile kikaratasi, alishika kiuno. "Mzee, imeandikwa usipige."

"Mimi nimeona pasi."

"Umeona mkia. Kichwa, zile herufi tatu 'usi,' hukukiona."

Maneno hayo yalimkaa moyoni. Wiki iliyofuata alijiandikisha kisomo cha watu wazima, akakaa dawati moja na muuza mkaa. Waliomcheka nawajua, na mpaka leo wanasomewa meseji zao na wajukuu.

Baada ya mwaka yule mwalimu mstaafu alirudi na gauni jingine, safari hii bila maandishi.

"Mwalimu, karatasi iko wapi?"

"Ya nini, nawe husomi?"

Mjomba akampa kalamu na karatasi. Mwalimu akaandika. Mjomba akasoma kwa sauti, kidole kikianzia herufi ya kwanza: "U-si-li-u-ngu-ze te-na."

Akakunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Sawa, mwalimu. Leo nimeanza na kichwa."