Barua ya Mlango wa Choo

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu na mwanamke aliyejitambulisha kuwa ni binti wa mwanafunzi wangu. Mimi sina wanafunzi. Nina wasomaji, tena wengine hunisoma ili wapate kunitukana. Ilibidi autaje mtaa wetu wa zamani kule Eastlands, Nairobi, ndipo nikamkumbuka babake, na nilipomkumbuka nikacheka, na nikiwa bado nacheka akaniambia amefariki. Niliona aibu, lakini naye alicheka kidogo. Alisema hata matangani watu wanacheka, kwa sababu kila anayesimama kumzungumzia mzee anaanzia chooni.

Niwaeleze. Miaka ya sabini ikielekea ukingoni nilikuwa kijana wa ofisini, na jioni mbili kwa wiki nilifundisha watu wazima Kiingereza katika ukumbi wa mtaa. Marehemu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni, mtu wa kutoka magharibi mwa Kenya, mpole, aliyenizidi umri lakini akaniita mwalimu bila kuona tabu. Wenzake walitaka Kiingereza cha kupandia cheo. Yeye alitaka cha kulalamikia. Alikuwa amepanga chumba mahali ambapo familia nane zilitumia choo kimoja, na mlango wa choo hicho ulikuwa umeng'oka na kwenda usikojulikana. Walitundika gunia. Kwa kuwa huwezi kulipigia gunia hodi, kila aliyeingia aliimba, na baada ya wiki chache majirani wakawa wanatambuana kwa nyimbo. Marehemu aliimba za kanisani, na alisema hajawahi kumsifu Mungu mara nyingi hivyo kwa siku. Lakini sasa mkewe alikuwa mjamzito, na mama mkwe alikuwa njiani kuja kumtunza atakapojifungua. Kwao, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani hata mkono. Siku ambayo angemfumania mama mkwe nyuma ya gunia, au yeye mwenyewe afumaniwe, heshima ya nyumba ile ingekuwa imekwisha, na mama yule angefunga virago siku hiyo hiyo.

Barua yake ya kwanza ilianza kwa kumjulia hali mkubwa wa ofisi ya nyumba za baraza la jiji, kisha mkewe, kisha watoto, kisha mvua. Choo kilijitokeza ukurasa wa pili, kikiomba radhi. Nikashika kalamu nyekundu. "Mzee, hii ni barua ya malalamiko, si ya posa," nilimwambia. "Toa salamu. Toa mvua. Na huyu mama mkwe mtoe kabisa, ofisi haina haja naye."

"Nimtoe?" aliuliza. "Na ndiye anakuja?"

Nikamtoa mwenyewe. Nikamwekea mzee Kiingereza cha kukunja uso: kwamba amesikitishwa mno, kwamba anadai hatua za haraka, kwamba hatasita kulifikisha jambo hili mbele zaidi. Darasa zima likanakili. Mbele wapi, hakuna aliyeuliza, na mimi mwenyewe sikujua.

Sasa nikiri jambo ambalo sikuwaambia wanafunzi wangu. Ofisi iliyopokea barua hizo ndiyo iliyonilipa mshahara, na kazi yangu ilikuwa kuwajibu wanaolalamika. Jibu lilikuwa moja tu, nimelikariri kiasi kwamba hata darasani niliwahi kulitumia kufundishia sarufi: barua yako imepokelewa, na jambo lako linashughulikiwa ipasavyo. Nilipoifungua barua ya marehemu nikaona maneno yangu mwenyewe yananikunjia uso, nami nikafanya nilichozoea, nikapiga taipu lile jibu. Ningeweza kuipeleka ndani kwa mkubwa. Lakini karani aliyepeleka malalamiko ndani aliulizwa kwa nini hakuyamaliza nje, na mimi nilikuwa naipenda kazi yangu. Wiki iliyofuata mzee alikuja darasani na jibu, akalinyoosha juu ya meza. "Mwalimu, nisaidie hapa. Hii barua imenijibu ama imenisalimia tu?" Darasa likacheka. Nikaeleza sarufi yake kwa makini ya kutisha, kisha nikamsaidia kuandika nyingine, kali zaidi. Nayo nikaijibu. Ya tatu pia. Nilikuwa fundi wa pande zote mbili, na mlango haukuwapo.

Ya nne hakunionyesha. Niliikuta mezani asubuhi ya Alhamisi, kwa mwandiko wake uliolalia kushoto. Kiingereza kilichechemea na vitenzi vilipigana vikumbo, lakini nilielewa kila neno. Alisema hivi: Mheshimiwa, mama wa mke wangu anafika Jumamosi. Choo ni kimoja. Mlango hakuna. Wewe pia ni mkwe wa mtu. Ungefanya nini?

Mkono wangu ulikwenda kwenye taipureta, ukarudi. Nikaichukua barua nikaipeleka ndani. Mkubwa wangu, ambaye sikuwahi kumwona akimaliza barua ya mpangaji, aliisoma mara mbili, akavua miwani. "Huyu mtu ana mkwe anakuja," aliniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyeuchukua ule mlango. "Fundi yuko wapi?" Ijumaa saa tisa mlango ulikuwa mahali pake, una komeo, na umepakwa rangi ya kijani iliyokuwa bado mbichi mama alipowasili.

Jumanne marehemu alilinunulia soda darasa zima. Wenzake walipoondoka nilimvuta kando nikamwambia ukweli, kwamba majibu yote matatu niliyaandika mimi. Alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, mimi nilijua kutoka ile ya kwanza. Hicho Kiingereza chote kiko kwa daftari yangu." Nikamuuliza mbona hakusema. "Mbele ya hao wote?" alijibu. "Wanakuheshimu. Nikuvue nguo juu ya mlango?"

Tangu hapo nimelalamika sana katika safu hii, na ninyi mmelalamika zaidi kunihusu. Maneno makali huwa nayapita haraka, maana nayajua, nimeyafundisha. Ninayeshindwa kumpita ni yule anayesema waziwazi kinachomuuma, akanikumbusha kwamba hata mimi nina kwangu. Marehemu alidai haki yake mpaka akaipata, na njiani hakumwaibisha hata aliyekuwa akimzungusha. Nilimfundisha kudai, kudai namna hiyo alinifundisha yeye. Nilikuwa na miaka mingi ya kumwambia hivyo, nilijua kwao ni wapi, na sikumwandikia hata mstari mmoja.