Chai ya Kumuaga Fundi Vioo

Chuo kizima kilimwita Bi Jumatatu, na zaidi ya nusu yao wasingemtambua hata wangegongana naye mlangoni. Kila Jumatatu asubuhi, wahadhiri wakiwa bado wanagombania pa kuegesha magari, jarida la Habari za Wiki lilikuwa limeshaingia kwenye barua pepe za wafanyakazi wote, na nakala zake zimeshabandikwa kwenye mbao za matangazo. Aliyeliandika alikuwa yeye. Ofisi yake ilikuwa chini ya jengo la utawala, ukuta mmoja na mashine ya kurudufu, dirisha linatazama mapipa ya taka. Kompyuta yake ilikoroma kama mtu mwenye mafua, na kiti chake kilikuwa na mguu mmoja ulioamua kustaafu mapema.

Jarida lilikuwa na mpango wake usiobadilika. Juu kabisa habari: nani kapanda cheo, nani kapata ruzuku ya utafiti, lifti ya maktaba itatengenezwa lini. Katikati mafao ya wafanyakazi: upimaji wa macho bure, punguzo la ada kwa watoto wao, ukumbusho wa kuhakiki wategemezi wa bima. Kisha yakaja Matukio Yajayo. Na chini kabisa, baada ya tangazo la funguo zilizookotwa, ndipo walipowekwa wagonjwa na marehemu.

Huko chini hakukufika mtu. Wasomi hawa, ukitaka jambo lisisomwe, liite muhimu. Ukitaka lisomwe hata na walio likizo, andika kwamba vitafunio vitakuwepo. Bi Jumatatu alilijua hilo kitambo, na wala halikumkera. Alichukua jarida la wiki iliyopita, akafuta yaliyopitwa na wakati, akaandika mapya juu yake. Tukio likishaingia kwenye Matukio Yajayo lilijirudia kila wiki mpaka siku yake ipite. Hakuna aliyeligusa ila yeye. Mkuu wake wa kitengo, kazi yake ilikuwa kubonyeza kitufe cha kuidhinisha, na alikibonyeza bila kusoma, kama mtu anayebonyeza kengele ya jirani.

Mumewe naye alikuwa mtu wa chuo hichohicho. Walimwita Fundi Vioo. Alikuwa na karakana yake nyuma ya maabara ya kemia, na kazi yake ilikuwa kuyeyusha kioo kwenye moto, kukipuliza, kukikunja, na kuunga mirija na chupa ambazo wanafunzi walizivunja kana kwamba wamelipwa kuzivunja. Vidole vyake vilijaa alama za kuungua. Mchana alikuja na chakula chake ofisini kwa mkewe, akalisoma jarida kabla halijatoka, akacheka peke yake kwa vichwa vya habari. "Mimi wananivunjia, wewe unawatangaza," alizoea kusema. "Nani kati yetu ana kazi ngumu?"

Mwisho wa mwezi ule alitarajiwa kustaafu. Idara ya kemia ilimwandalia chai ya kumuaga, Ijumaa saa tisa alasiri, na Bi Jumatatu mwenyewe ndiye aliyeiingiza kwenye Matukio Yajayo, wiki nyingi kabla. Aliandika na neno "vitafunio", maana alitaka watu waje.

Kisha asubuhi moja Fundi Vioo akaanguka bafuni, mswaki mkononi. Moyo, daktari alisema. Hakuamka tena.

Wakazika. Mkuu wa kitengo alitoa jarida la wiki ile kwa mkono wake mwenyewe, na tanzia ya Fundi Vioo akaiweka pale pale kwenye nafasi ya marehemu, chini ya funguo. Bi Jumatatu aliisoma. Aliona koma moja imekaa vibaya, basi.

Hilo ndilo lililomtisha: hakuona kitu kingine. Siku ya mazishi alikuwa akihangaika kama viti vitatosha. Watu walimkumbatia, akawapigapiga mgongoni kana kwamba wao ndio waliofiwa. Alikunywa chai ya moto bila kujua ni ya moto, akagundua baadaye ulimi umeungua. Umewahi kukalia mguu ukafa ganzi? Unaugusa, unajua ni mguu, lakini hujui kama ni wako. Ndivyo alivyokuwa, mwili mzima.

Mwanawe wa pekee alikuja, akalia mpaka sauti ikakauka, akarudi kazini kwake mbali. Aliyebaki nyumbani ni wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usio na breki.

"Wifi," alimwambia siku moja wakikunja shuka, "mimi nisikufiche. Tangu kaka aondoke sijakuona ukifuta hata chozi."

"Machozi hayaagizwi dukani, wifi."

"Najua. Lakini watu wana macho, na wana midomo. Wanauliza, hivi huyu alimpenda mumewe kweli?"

"Na wewe unawajibu nini?"

Wifi alikunja shuka lake mpaka likawa dogo kama kitabu. "Nawaambia kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini huo mshindo nami nausubiri, wifi yangu. Ndugu yangu alikuwa mmoja."

Bi Jumatatu alikwenda kulala na swali lile. Alilala upande wake ule ule wa kitanda, akajiuliza bila kujionea haya: na kama wanasema kweli? Wameishi pamoja miaka zaidi ya thelathini, wakasomesha, wakagombana kuhusu dirisha lifunguliwe au lifungwe. Labda yalikuwa mazoea tu, kama mtu anavyozoea ngazi za nyumbani kwake. Mtu akizivunja hizo ngazi, hulii; unatafuta pa kukanyaga. Aliogopa kwamba ndani yake hapakuwa na mapenzi na hapakuwahi kuwa nayo. Akangoja wazo hilo limuumize, lisimuume.

Likizo ya msiba haijaisha akarudi kazini. Mkuu wa kitengo alisimama mlangoni akizungusha kalamu.

"Mama, hukupaswa kuja. Ni haki yako kupumzika."

"Najua ni haki yangu. Mimi ndiye niliyeiandika kwenye jarida."

"Basi angalau ukaonane na mshauri nasaha. Huduma ipo, ni bure."

"Hiyo nayo niliiandika," alisema Bi Jumatatu, akawasha kompyuta.

Akaandaa jarida kama kawaida. Akatangaza mafunzo ya zimamoto. Akawakumbusha wafanyakazi wahakiki wategemezi wao wa bima, na wa kwake mwenyewe hakumkumbuka. Chini akaongeza mstari wa familia ya marehemu kuwashukuru wote. Kwenye Matukio Yajayo akakuta ukumbi mdogo umepangiwa mambo mawili saa ileile, mkutano wa wakutubi na chai ya kumuaga Fundi Vioo. Akapiga simu kwa msimamizi wa kumbi, akaihamishia chai ukumbi mkubwa, akarekebisha tangazo, akalisoma mara ya pili kuhakikisha. Aliridhika. Jumatatu likatoka. Mkuu alikuwa amebonyeza.

Ijumaa alasiri simu ya mezani ikalia. Alikuwa msimamizi wa mgahawa wa chuo.

"Mama, mko wapi? Vikombe nimeshapanga, keki nimeshakata, na watu wanazidi kuingia. Mbona wenye shughuli hamtokei?"

"Shughuli gani?"

Upande wa pili mtu akasema taratibu, "Chai ya mzee, Mama. Ipo kwenye jarida. Mimi nilidhani mmeamua kuifanya ya kumkumbuka."

Bi Jumatatu akafungua jarida. Tangazo lilikuwa pale, safi, koma zote mahali pake: Njooni tumuage Fundi wetu Vioo, naye atakuwepo kuzungumza nasi. Maneno mawili ya mwisho wa mstari, "ukumbi mkubwa", aliyaandika kwa mkono wake juma lililopita.

Mkuu wa kitengo, alipoambiwa, alishika kichwa. Akataka kutuma barua pepe ya kuomba radhi upesi.

"Watu wako njiani, nani atasoma?" alisema Bi Jumatatu. "Kosa ni langu. Nitakwenda mwenyewe niwaambie."

Alitembea uwanjani bila haraka. Moyo wake haukwenda mbio. Hata aibu hakuisikia. Alijipangia maneno kama anavyopanga tangazo: kuomba radhi kwanza, sababu baadaye, shukrani mwisho.

Ukumbi ulikuwa umejaa kuliko alivyotegemea. Wapo waliojua, nao walisimama wakishika vikombe kwa mikono miwili, wakiongea chinichini, wakidhani ni kumbukumbu kweli. Wapo waliokuja kwa keki, wakaambiwa habari na wenzao mlangoni, sasa hawajui kama waendelee kutafuna. Walimpisha. Mwanamke mmoja wa maktaba alimshika mkono, akasema pole. Bi Jumatatu akasema ahsante. Alikuwa karibu na meza ya mbele, amefungua kinywa aanze, mlango wa nyuma ukafunguka kwa kishindo.

Aliingia Profesa Moshi. Alikuwa profesa wa kemia, mzee mwenye masikio mazito, aliyepewa jina hilo kwa sababu majaribio yake mengi yaliishia kwenye madirisha kufunguliwa. Alikuwa ametoka likizo ya utafiti nchi nyingine, amerudi jana yake, na alikuwa kama wenzake: alisoma penye vitafunio. Mkononi alibeba kitu kirefu kilichofungwa kwenye gazeti.

"Samahani, nimechelewa!" alisema kwa sauti ya mtu asiyejisikia. "Yuko wapi mzee mwenyewe? Asijidanganye amestaafu, nimemletea kazi!"

Watu walitazama viatu vyao. Chuo kizima cha watu wenye maneno, na hakuna hata mmoja aliyelipata moja.

Profesa akamwona Bi Jumatatu, uso ukamchangamka. "Aa, shemeji! Afadhali wewe." Akafungua gazeti. Ndani mlikuwa na mrija mnene wa kioo, mrija mwingine mwembamba umepita ndani yake, shingo imekatika. "Huu alinitengenezea yeye, kabla mwanangu hajaoa. Sijapata wa kuuamini mwingine. Mpe, mwambie ni shingo tu. Sina haraka, hata wiki ijayo."

Bi Jumatatu akaupokea kwa mikono miwili. Ulikuwa mwepesi. Akautazama pale ulipokatika.

"Nitampa jioni," alisema. "Akija nyumbani."

Alisema kwa sauti ya kila siku, bila kufikiri, na alipoyasikia maneno yake mwenyewe akajua hakuwa amekosea jarida tu. Tangu siku ya mazishi alikuwa akimngoja. Alizika, akapokea pole, akajibu salamu, na muda wote huo, mahali fulani ndani yake, Fundi Vioo alikuwa kazini na angerudi. Mtu halii kwa ajili ya mtu atakayerudi jioni. Ndiyo maana aliihamisha chai ile ukumbi mkubwa: alitaka mumewe apate nafasi.

"Shemeji?" Profesa aliinamisha sikio. "Umesemaje?"

"Profesa," alisema Bi Jumatatu, kwa nguvu ili mzee asikie, na ukumbi wote ukasikia, "hawezi kuutengeneza. Mume wangu amekufa."

Hakuwa amewahi kulisema. Alikuwa ameandika "ametutoka" kwa ajili ya watu wengi, kwa miaka mingi, lakini neno lenyewe, kwa kinywa chake, kuhusu mume wake, lilikuwa ndiyo kwanza linatoka. Ulimi aliouunguza ukaanza kumuuma. Miguu ikaanza kumuuma. Akakaa chini sakafuni, mrija kifuani, akalia kwa sauti kubwa mbele ya vikombe vyote vile, akimwita mumewe kwa jina ambalo hapo chuoni hakuna aliyelijua. Profesa Moshi alipiga magoti kando yake, mikono mitupu. Hakuna aliyemwambia nyamaza.