Gari Lisilojichaji

Mwaka ambao baba alianza kupoteza sauti, kaka yangu alikuwa akijenga gari la mbio nyuma ya nyumba yetu, Githongo kule Meru, kati ya boma la ng'ombe na mstari wa kwanza wa kahawa. Lilikuwa gari kuukuu la baba mwenyewe, alilolinunua alipostaafu udereva wa malori. Kaka alilivua kila kitu kisichosaidia kukimbia: viti vya nyuma, zulia, redio, hata vioo vya milango. Mbio alizozipenda ni fupi mno. Magari mawili, kipande cha lami kilichonyooka, anayetangulia kufika ameshinda. Ukiinama kufunga kamba ya kiatu umezikosa.

Ugonjwa wa baba ulikuwa kooni, na madaktari walikuwa wamekwisha kutuambia tumtunze nyumbani. Hakutuomba mengi. Alitaka kuliona gari lile likikimbia mara moja, kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho wake, naye kaka alimwahidi kwamba ataliona.

Walibishana juu ya umeme tu. Alternata, ile inayoichaji betri injini inapozunguka, huikaba injini kidogo, na kaka hakutaka injini yake ikabwe na chochote. Aliifungua akaiweka chini ya kitanda chake. Tangu siku hiyo cheche za plagi, pampu ya mafuta na feni vyote vilinyonya betri moja kubwa aliyoifunga kwenye buti.

"Gari isiyojichaji inakula mwili wake," baba alinong'ona.

"Mzee, ni mbio ya kupepesa macho. Itakula nini?"

"Wewe ukikonda, utajua."

Baba alicheka mwenyewe, kicheko kikageuka kikohozi, na kaka akarudi chini ya gari. Nasema kweli, alijitahidi. Alipitisha nyaya nene kutoka nyuma hadi mbele, akakwangua rangi mahali waya wa hasi ulipofungwa ili chuma kigusane na chuma, akafunga kila kitu kinachoweza kutikisika. Nami nilishika mita ya volti yeye akipiga stata, nikimsomea namba. Isiposhuka sana alinipigia saluti. Gari hata hatukuliendesha barabarani. Tulilivuta kwa kamba nyuma ya pikapu ya binamu yetu, ili umeme wote ubaki kwa ajili ya mbio.

Wiki ya mbio, jirani yetu wa upande wa mtoni alifiwa na mumewe. Transfoma ya kijiji ilikuwa imeungua na stima haikuwepo. Jioni akaja mzee wa kanisa na kijana mmoja wa ukoo, wakasimama uani kofia mkononi.

"Tumekuja kuomba ile betri kubwa," mzee wa kanisa alisema. "Watu ni wengi kwa maombi, na spika haina nguvu. Walio nyuma hawasikii neno."

Kaka alitazama viatu vyake. "Hiyo ni ya mbio, mzee. Jumamosi tunaenda."

"Tunazika Ijumaa. Utaipata."

"Nikiitoa..."

Baba aligonga mguu wa kiti kwa fimbo. Wote wakamgeukia, kwa sababu siku hizo ilibidi umtazame mdomo ndipo umsikie.

"Nyumba iliyofiwa hainyimwi," alisema. "Wape. Wape na nyaya zake."

Ijumaa, baada ya mazishi, betri ilirudi ikiwa imepanguswa vizuri, na mkungu wa ndizi juu yake. Kaka aliipeleka sokoni kwa kinyozi mwenye jenereta, ikachajiwa hadi kinyozi akaishiwa petroli. Alipoigusa kwa mita, namba ilipanda kupita kumi na mbili na nusu, kama ya betri iliyojaa. Alimletea baba mita aione.

"Hiyo ni namba ya betri iliyolala," baba alisema. "Iamshe uone. Piga stata."

"Nikipiga stata naimaliza, Mzee. Hiyo kidogo iliyo ndani ni ya kesho."

Ndivyo alivyoitunza chaji ile: kwa kukataa kuipima. Nimefikiri mara nyingi juu ya jambo hilo na bado siwezi kumlaumu.

Asubuhi tulishuka Embu hadi tambarare za Mbeere, mbele kidogo ya Kiritiri, ambako waandalizi walikuwa wamepewa ruhusa ya kufunga barabara. Joto lilikuwa limeshika kila kitu. Magunia ya makaa yalipangwa kando ya lami, na wachuuzi wake walikuwa wamegeuka watazamaji.

"Watu wa Meru!" mmoja alituita. "Hiyo gari mmeivuta kwa kamba kama mbuzi wa mahari?"

"Mbuzi huyu anapiga teke," kaka alimjibu.

"Basi mfunge vizuri, asije akaingia kwa sufuria!"

Mbio ya kwanza kaka alishinda. Baba hakuiona. Safari ilikuwa imemchosha, na wakati watu walipopiga kelele alikuwa amelala kwenye godoro nyuma ya pikapu, nami nikimpangusa mdomo. Alipofumbua macho aliuliza kama bado. Nikamwambia iko ya pili. Akataka ainuliwe, tukamketisha kwenye gunia la makaa, karibu kabisa na lami.

Kabla ya mbio ya pili kundi la mbuzi liliingia barabarani. Mchungaji wao alikuwa na haki yake, ndiyo njia yake ya kila siku kwenda majini, wala hakuharakisha. Kaka alingoja kwenye mstari. Injini ilikuwa ya moto, akaogopa kwamba akiizima stata haitaiwasha tena. Akaiacha ikinguruma, feni na pampu zikinyonya.

Bendera ikashuka. Gari liliruka, moyo wangu ukaruka nalo. Kisha sauti ikawa nyembamba, kama ya mtu anayezungumza huku pumzi zikimwishia. Baba alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Pampu haina nguvu. Injini haipati mafuta," alinong'ona. "Mwambie aachie mguu."

Nilipaza sauti kadiri nilivyoweza. Sauti yangu ilizama katika makelele ya watu. Kaka hakuachia. Alijua ni nani ameketi kwenye gunia lile. Tulisikia mgongano wa chuma, mmoja, mwingine, halafu moshi, na gari likasota hadi likasimama kabla ya mwisho wa mstari. Pistoni ilikuwa imetoboka kwa joto la injini iliyokosa mafuta. Injini nyingine hatukuwa nayo, na baba hakuwa na muda wa kungoja tuitafute.

Jioni hiyohiyo tulilifunga kamba turudi. Baba alikataa kupanda pikapu. Alitaka kuketi kwenye gari bovu, kando ya kaka.

"Huku breki ni ngumu, Mzee, injini ikiwa imezima."

"Nimeshuka mteremko wa Nithi na lori lisilokuwa nayo. Nifungulie mlango."

Mimi niliketi nyuma, juu ya bati tupu. Tulipita Embu, tukapita Chuka. Kwenye mteremko wa Nithi kaka alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, jasho likimtiririka shingoni, akihakikisha kamba haiingii chini ya magurudumu. Tulipofika ng'ambo ya mto ndipo alipozungumza.

"Ungeniacha niwanyime ile betri."

Baba alitafuta pumzi kwanza. "Siku yangu ikifika, ungetaka waje, ama wasije?"

Mabega ya kaka yalianza kutikisika, huku macho yake yakiwa bado kwenye kamba. Tulipokaribia kwetu, milango ya watu ikiwa imefungwa na moshi wa jioni umelala juu ya migomba, alimuuliza baba, kwa sauti ya chini karibu sawa na yake:

"Lakini uliona? Hata kidogo?"

"Niliona mwanzo," baba alisema.