Ugali wa Mtu Mmoja

Mwaka ule wa kipindupindu nilikuwa nesi kwenye kambi ya wagonjwa, Itigi. Nikirudi nyumbani mtaa mzima ulinikwepa. Hata mbuzi, naapa, walivuka reli wakiniona. Shikamoo za watoto zilinifikia kwa kupigiwa kelele toka mbali.

Kilichonishinda ni kula peke yangu. Nilizoea kula sinia moja na majirani, kwa hiyo kila jioni nilisonga ugali mkubwa kama kichuguu, nikaketi nao mlangoni kusubiri mkono wa pili.

Siku moja jirani yangu mjane aliniita toka mlangoni kwake, ng'ambo ya uwanja.

"Nesi, umenawa?"

"Nimenawa mpaka alama za vidole zimefutika, mama!"

Alicheka, lakini hakusogea. Akaketi palepale na sahani yake, tukala pamoja, uwanja mtupu katikati yetu.