Udongo wa Mlangoni kwa Severa

Talha alikuwa mwoga tangu utotoni, na wala hakuona haya kulisema. Aliogopa mbwa, aliogopa lifti, aliogopa wateja wanaopandisha sauti. Ndiyo maana majirani wa duka lake pale Kariakoo, duka la vifungo, zipu na lastiki aliloachiwa na baba yake, walishangaa kusikia kwamba mtu mzima huyu, Mwarabu mwenye ndevu za mvi, amejiingiza kwenye mchezo wa vita.

Vita vyenyewe vilipiganwa mezani. Kila Jumamosi jioni, kwenye fleti ya Zarna huko Mchafukoge, watu wachache waliofahamiana mtandaoni walipanga majeshi ya askari wa plastiki, kila askari urefu wa kidole gumba, wakarusha dadu na kupima masafa kwa utepe wa fundi cherehani. Zarna, dada wa Kihindi ambaye kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia, ndiye aliyewafundisha wageni kupaka rangi. Talha alipomletea askari wake wa kwanza, Zarna alimgeuza akatazama kitako, kile kiduara cheusi alichosimamia.

"Kaka Talha, huyu umempaka vizuri. Lakini amesimama kwenye kifuniko cha soda. Mpe ardhi."

Akamwelekeza. Kitako unakipaka gundi nyeupe ya mbao, unakichovya kwenye mchanga uliochekechwa kwa chujio la chai, unakiacha kikauke kabisa. Unakipaka rangi nzito ya udongo. Ikikauka, unachukua rangi nyepesi, unaifuta brashi mpaka ibaki karibu kavu, unaipitisha juu juu ili vijiwe vichomoze. Nyuzi za makumbi ya nazi zinafaa kuwa nyasi. "Na ukitembea, tazama chini," alimalizia. "Ardhi nzuri imejaa mjini humu, watu wanaikanyaga tu."

Talha alilishika neno hilo kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Jumamosi iliyofuata alifunga duka mapema, akatia gundi, rangi, brashi na kikopo cha askari wake mkobani, akapitia Ilala kwanza kumwona fundi wa kuchomelea kuhusu mlango wa geti. Katika kichochoro kimoja akaona, mbele ya kizingiti cha nyumba ya zamani, kokoto nyekundu laini za matofali yaliyosagika. Rangi ile ile aliyokuwa akiitafuta. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kwa sababu aliona aibu mtu mzima kuchezea mchanga. Kisha akachuchumaa, akamsimamisha askari mmoja kizingitini kulinganisha rangi, akatoa kijiko na kuanza kuchota udongo kwenye mfuko wa plastiki.

"Unafanya nini mlangoni kwangu?"

Alikuwa mama wa makamo, beseni la nguo kiunoni. Talha akainuka.

"Shikamoo, mama."

Salamu haikuitikiwa. Yule mama, ambaye mtaani wanamwita Severa, alikuwa akimtazama yule mtu mdogo wa plastiki aliyesimama kizingitini kwake, kisha mfuko wa udongo, kisha uso wa Talha. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya chini kabisa, na hicho ndicho kilichomtisha Talha kuliko kelele.

"Mwanangu Nice mguu umevimba tangu masika, hakanyagi chini. Kumbe ni wewe."

Hapo Talha akaelewa alichokuwa amekifanya. Mtu asiyejulikana, udongo uliokanyagwa na mgonjwa, sanamu ya mtu. Watu wakaanza kutoka majumbani. Anuari, yule fundi wa kuchomelea ambaye Talha alikuwa akienda kumwona, alikuja na miwani yake myeusi ikiwa kwenye paji la uso, akasema huyu ana duka Kariakoo, akasimama katikati ya kichochoro ili asipite mtu.

"Hawa wenye maduka Kariakoo wanatoa watu kafara," mwanamke mmoja alisema nyuma. Mwingine akauliza wanangoja nini. Talha akaona kijana akiokota kipande cha tofali na kukipima uzito mkononi. Alianza kusoma Ayatul Kursiyu kimoyomoyo, akagundua midomo inacheza, akawaza watadhani anawasomea wao, akaufumba mdomo. Jasho likamwingia machoni, akaogopa hata kulifuta.

Aliyemwokoa ni mjumbe wa mtaa, mzee Isidori, aliyefika na taulo begani, povu la sabuni likiwa bado sikioni.

"Hakuna atakayeguswa hapa kabla sijasikia," alisema. "Wewe, udongo wa watu unaufanyia nini?"

"Ni mchezo, mzee."

"Mchezo gani?"

"Naweza kukuonyesha."

Wakamkalisha kwenye kigoda mbele ya nyumba. Akatoa gundi, akaipaka kwenye kitako cha askari, lakini kwa woga nusu ya gundi ikaishia kwenye viatu vya yule askari. Akakichovya kwenye udongo mwekundu, akakung'uta. Kisha ikabidi aseme jambo ambalo lilikuwa gumu kulisema mbele ya watu wenye hasira: kwamba sasa lazima wangoje gundi ikauke.

Wakangoja. Jua lilikuwa kali, na hakuna aliyeondoka. Severa alikaa juu ya beseni alilolipindua, hakupepesa macho. Kila alipokohoa, Talha aliipuliza gundi upya. Hatimaye akapaka rangi ya kahawia, wakangoja tena, akachukua rangi nyepesi, akaifuta brashi kwenye kitambaa na kuipitisha juu juu. Vijiwe vikajitokeza kimoja kimoja, na yule askari akaonekana kama aliyetembea kutoka mbali.

Anuari akainama, akatazama kwa muda. "Mzee, huu ni urembo tu," alisema. Kijana akalitupa tofali mtaroni.

Lakini Severa akanyoosha kiganja. "Urembo au si urembo, rudisha udongo wangu."

Talha akakwangua kitako kwa ncha ya kijiko mpaka kikabaki kitupu, akamwaga kila chembe pale pale kizingitini, pamoja na ule wa mfukoni. Severa akaushindilia kwa kisigino.

"Nenda, baba. Usipite tena hapa."

"Sipiti, mama."

Zarna aliposikia alianza kucheka, akaona uso wa Talha, akanyamaza na kumwekea chai. Tangu siku hiyo Talha ananunua mchanga wa ujenzi, tena kwa risiti. Lakini hofu haikuishia hapo. Lile lililomnyima raha ni mguu wa Nice. Akifa yule binti, aliwaza, watakumbuka nani alichuchumaa mlangoni. Kwa hiyo akaomba namba ya mzee Isidori kwa Anuari, akawa anampigia mzee simu kila mara kuulizia hali ya mgonjwa, na mzee akamsifu kwa utu wake, sifa ambazo Talha alizipokea kwa aibu.

Habari njema zikaja polepole. Nice amepelekwa hospitali. Mguu umepasuliwa, usaha umetoka. Nice anatembea kwa fimbo. Talha akashusha pumzi dukani mpaka mteja akamuuliza kama anaumwa.

"Ila kuna jambo," mzee Isidori akaongeza kwenye simu hiyo hiyo. "Severa anauliza, mbona yule Mwarabu anaufuatilia sana mguu wa binti yake?"

Talha hakupiga tena.